NGUVU NI AMANA: KATIKA KUMKUMBUKA GAMA, BINGWA WA MIELEKA

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayemtoa mja katika udhaifu wa utoto akampa nguvu za ujana, kisha akamrejeza katika udhaifu wa uzee ili ajue kuwa nguvu hazikuwa zake. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Akifa mtu aliyejulikana kwa nguvu za mwili, watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza humsifu mpaka wakamtoa katika hali ya wanaadamu: humzulia visa, na kila mzigo alioubeba huuongezea frasila juu ya frasila. Fungu la pili hutikisa vichwa wakasema: Alikuwa nani huyu ila mtu wa mieleka? Umri wake ameumaliza mchezoni. Lau angalikuwa na ilimu au mali, angalistahiki kutajwa. Mafungu yote mawili yamepunja mizani. Na kupunja mizani katika haki ya maiti ni jambo zito, kwani aliye hai hujijibia, na maiti hana ulimi.

Basi suali ni hili: Nguvu ya mwili ina thamani gani mbele ya sharia na mbele ya akili? Na yule aliyekuwa nayo, akumbukwe kwa lipi? Ili jawabu lisiwe maneno matupu, na itazamwe khabari ya mtu mmoja ambaye Waislamu na wasiokuwa Waislamu wamemtaja sana.

Mtu huyo ni Ghulam Muhammad Baksh, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Gama. Alizaliwa mwaka 1878 pande za Amritsar, katika nchi ya Punjab, Bara Hindi, katika jamaa ya Waislamu waliorithi mieleka baba kwa babu. Baba yake alikufa naye akingali mtoto mdogo, akalelewa na jamaa za mama yake, nao wakamtia katika kiwanja cha mieleka kama mtoto mwingine atiwavyo chuoni. Alipokuwa kijana alifadhiliwa na Maharaja wa Datia, na baadaye na Maharaja wa Patiala. Hakuwa mrefu wa kutisha. Kimo chake kilikuwa cha watu wa kawaida, lakini alikuwa mtu wa miraba minne, shingo na kifua vimeshikamana kama shina la mbuyu.

Mwaka 1910 alisafiri mpaka London pamoja na ndugu yake, Imam Baksh. Huko watu hawakumjali kwanza, kwa kuwa walimpima kwa kimo. Kisha akamwangusha Benjamin Roller, bingwa wa Kimarekani, mara mbili kwa siku moja, na waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Tarehe 10 Septemba ya mwaka huo alikabiliana na Stanislaus Zbyszko, pande la mtu kutoka Poland, aliyemzidi uzito kwa mengi. Zbyszko alipoonja mikono ya Gama alilala kifudifudi, akashikamana na ardhi mfano wa taa aliyejilaza mchangani, na muda wa saa mbili na nusu na zaidi haukutosha kumgeuza. Pambano likavunjwa bila mshindi, wakaagana kurudiana tarehe 17. Siku hiyo Gama alikuja, Zbyszko hakuonekana. Gama akapewa mshipi wa ushindi. Walikutana tena mwaka 1928, mjini Patiala, wote wawili wakikaribia miaka hamsini, na Zbyszko akaanguka kabla dakika moja haijatimia. Watu wakazidi kumwita Gama Rustamu wa zama zake, kwa jina la shujaa wa visa vya Waajemi.

Hizo ndizo khabari za ushindi. Lakini ushindi ni matunda, na mwenye busara huuliza khabari za mti. Gama hakuzitegemea chuma wala mashine. Mazoezi yake makubwa yalikuwa ni yale ya viwanja vya Kihindi tangu zamani: kuchuchumaa na kuinuka, na kujisukuma kwa mikono miwili hali kifua chakaribia ardhi, pamoja na kupigana mieleka na wenziwe katika udongo uliolainishwa, mmoja baada ya mmoja. Chakula chake kilikuwa maziwa, samli, lozi na nyama. Wasimulizi wamesema kuwa hesabu ya mazoezi yake kwa siku ilikuwa kwa maelfu. Hata hesabu hiyo ikipunguzwa nusu, bado yabaki jambo moja lisilokanika: alidumu. Tangu utotoni mpaka uzeeni alirejea kazi ile ile kila kukicha, siku ya baridi na siku ya joto, siku ya sifa na siku isiyokuwa na mtazamaji. Na sharia imefundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumishwayo, ijapokuwa ni chache. Kijana asemaye kuwa hawezi kuamka alfajiri kwa rakaa mbili, na aitazame himma ya mtu aliyeamka kabla ya jua kwa ajili ya miguu yake na mabega yake, kisha aone haya.

Hapa yaja kosa la fungu la kwanza. Katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Baroda lipo jiwe ambalo husemwa kuwa Gama aliliinua mwaka 1902, na kwamba uzito wake ni kilo 1,200. Wapo wanaolieneza neno hili kama kwamba ni sehemu ya imani. Lakini akili nayo ni neema ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 2020 mtu wa Iceland, Hafþór Björnsson, jitu lililomzidi Gama kwa kimo na kwa uzito, aliinua chuma cha kilo 501 kutoka chini mpaka usawa wa mapaja, na ulimwengu ukastaajabu kuwa hakuna aliyefika hapo kabla yake. Itawezekana vipi basi mtu wa kimo cha kawaida ainue zaidi ya mara mbili ya hizo, jiwe lisilokuwa na mahali pa kushika? Huenda alilisukuma au aliliinua upande mmoja. Huenda uzito umezidishwa. Muungwana hasemi zaidi ya hayo.

Watu watasema: Lina dhara gani, na maiti yuasifiwa? Dhara lake ni kuu. Amri iliyokuja ni kutaja mazuri ya maiti, na uwongo si katika mazuri ya mtu yeyote. Tena anayemwongezea Gama jiwe amempunguzia Gama jasho. Kwani mtu akiambiwa kuwa bingwa yule alikuwa na nguvu za muujiza, atasema moyoni: Huyo alipewa, mimi sikupewa, nami sina la kujifunza kwake. Sifa ya uwongo humfanya maiti kuwa sanamu la kutazamwa, na sifa ya kweli humfanya kuwa mwalimu.

Ama fungu la pili, waionao nguvu ya mwili kuwa ni upuuzi, hao nao wana jawabu lao. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na apendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na katika wote wawili mna kheri. Wanavyuoni wengi wameieleza nguvu hiyo kuwa kwanza ni ya moyo na azma. Lakini mwili ni chombo, na azma isiyokuwa na mwili ni nahodha asiyekuwa na jahazi. Tena imesimuliwa ya kuwa Mtume (s.a.w.) alipigana mieleka na Rukana, mtu aliyekuwa hashindwi katika Makka, akamwangusha, nayo ni khabari mashuhuri, ijapokuwa wajuzi wa hadithi wamesema juu ya isnadi zake. Basi mieleka yenyewe si haramu.

Walakin haki yataka kusemwa yote. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kama alivyoiweka Imamu Nawawi katika Minhaj, mieleka yajuzu bila ya badali. Ama kushindania mali katika mieleka, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba haifai. Na waliotoa hoja kwa kondoo wa Rukana walijibiwa kuwa makusudio yalikuwa kumwonyesha Rukana haki ili asilimu, na aliposilimu alirejezewa kondoo wake. Vile vile mapaja ya mwanamume ni tupu kwa madhehebu haya, na nguo ya wapiga mieleka wa Bara Hindi haisitiri mapaja. Mambo mawili haya yametajwa ili kijana anayemfuata Gama katika mazoezi asimfuate katika yasiyofaa. Ama Gama mwenyewe amekwisha kufika kwa Mola wake pamoja na alichokitanguliza. Watu wamekatazwa kuwatukana maiti, na hukumu ya kitendo si hukumu ya akhera ya mtu.

Sasa yabaki lile lililo kubwa. Mwaka 1947 Bara Hindi iligawanywa nchi mbili, na Punjab ikapasuka katikati. Waislamu waliuawa upande mmoja, Wahindu na Masingasinga upande wa pili, na watu waliokula pamoja miaka mingi wakachinjana kwa panga. Gama alikuwa akikaa Lahore, katika mtaa wa Mohni Road, na majirani zake wengi walikuwa ni Wahindu. Khabari iliyoenea, na ambayo Wahindu wenyewe wameisimulia, ni kuwa kundi la watu lilipokuja kuwadhuru majirani wale, Gama alisimama mbele yao yeye na watu wake akalizuia. Na ilipokuwa hapana budi wahame, aliwasaidia kusafiri kwa salama.

Na azingatie mwenye kusoma. Katika mwaka 1910 Gama alisimama mbele ya mgeni mmoja, na watu wa nchi yake wote wakimwombea. Katika mwaka 1947 alisimama mbele ya watu wa dini yake mwenyewe, waliokuwa na machungu ya kweli kwa jamaa zao waliouawa, akawazuia. Lipi kati ya hayo mawili lililo gumu? Kumpinga adui hufanywa na kila askari. Kuwapinga jamaa zako wanapodhulumu hufanywa na wachache. Na hii ndiyo nguvu aliyoieleza Mtume (s.a.w.) alipofahamisha ya kuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye watu, ila ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Na Qur'ani imebainisha kuwa Waislamu hawakatazwi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao.

Huenda mtu akasema: Ilikuwa rahisi kwake, kwani nani angethubutu kumgusa? Jawabu ni kwamba mwaka ule Gama alikuwa akikaribia miaka sabini. Mikono iliyomtupa Roller haikuwapo tena. Na hata ingalikuwapo, mtu mmoja haushindi umati wenye visu. Kilichosimama mbele ya umati ule kilikuwa haiba ya miaka hamsini, na moyo usiokubali dhulma. Wala haisemwi kuwa mazoezi peke yake ndiyo yaliyomfunza uadilifu. Wangapi wana misuli kama yake, nao hukodishwa kuwapiga wanyonge? Nguvu ni kama upanga: fundi huunoa, na mwenye kuushika ndiye aulizwaye. Ndiyo maana ikaitwa amana.

Baada ya hayo amana ilianza kurejea kwa mwenyewe. Katika miaka yake ya mwisho Gama aliugua sana na mali ikampungukia. Katika waliompelekea msaada wa fedha ni tajiri wa Kihindu, G. D. Birla, wa upande wa pili wa mpaka. Wema aliowatendea majirani wa dini ile mwaka 1947 ulimrudia kwa mkono wa mtu wa dini ile ile. Alikufa Lahore mwezi wa Mei 1960, akiwa na miaka themanini na kitu.

Basi jawabu la suali la mwanzo limedhihirika. Nguvu ya mwili ni neema yenye thamani, kama mali na kama ilimu, na kila neema ina hesabu yake. Mwenye nguvu hakumbukwi kwa sababu alipewa. Hukumbukwa kwa namna alivyoilinda kwa kudumu, na kwa mahali alipoitumia. Akisifiwa, asifiwe kwa kweli. Na pale alipokosea, kosa liepukwe naye aombewe maghufira.

Na katika khabari hii mna onyo kwa watu wa pwani. Katika kila mji wapo wazee waliokuwa na nguvu zao: hamali aliyebeba magunia bandarini miaka thelathini, baharia aliyevuta tanga la jahazi katika kusi na kaskazi, mjenzi aliyechukua boriti na mawe ya msikiti ambao watu wausali leo. Sasa amekaa barazani, magoti yamevimba, na hapana amwulizaye hali. Siku atakapokufa watajaa watu, kila mmoja akigombea kulibeba jeneza lake, na hitimani yatasimuliwa magunia aliyoyabeba, pengine na yasiyokuwa. Lakini kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu kabla haijaja haki ya kumfuata jenezani. Anayependa kuwakumbuka wenye nguvu baada ya kufa kwao, na aanze kwa kuwakumbuka katika udhaifu wao wangali hai.

Mwenyezi Mungu amrehemu Gama na Waislamu wote waliotangulia, awajaalie vijana nguvu katika twaa, na awape wazee husnu-l-khatima. Wallahu a'lam.