Kuvuta na Kuvutia: Swali la Fundi Aliyejiajiri

Katika somo la mofolojia tulifundishwa kwamba kitenzi "vutia" kimetokana na "vuta" kwa kuongezewa kiambishi cha kauli ya kutendea. Mhadhiri alitaka mifano, nami nikaandika haraka: "Fundi anavutia wateja." Nilipata alama yangu. Jioni hiyo, nilipokuwa nimekaa nyuma ya cherehani yangu, mfano ule ulinirudia kwa namna nyingine. Mtu akimvuta mbuzi kwa kamba, mbuzi huja apende asipende. Lakini kitu kikimvutia mtu, mtu huyo hukiendea mwenyewe kwa miguu yake. Nikajiuliza: je, mimi ninawavutia wateja wangu au ninawavuta?

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na pia ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kibarazani mwa duka moja huko Kikoni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, katikati ya hosteli za wanafunzi. Napunguza suruali, nabadilisha zipu, nashona sketi, na msimu wa sherehe nashona magomesi. Sina mwajiri. Siku asipokuja mteja, sipati kitu. Kwa hiyo, kupata wateja wengi zaidi kwangu ni kodi ya chumba, ni chakula, na ni ada ya muhula. Katika insha hii nataka kuuliza: mtu aliyejiajiri anaweza kufanya nini ili apate wateja bila kuwakosea, na mpaka uko wapi?

Nianze na methali inayojulikana na wengi: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii inatutahadharisha kwamba anayetangaza sana bidhaa yake huenda anaficha kasoro. Nilipoanza kazi niliiamini kabisa. Nilikaa kimya kwa wiki mbili nikingoja ushonaji wangu ujiuze. Nilipata suruali tatu tu. Waliopita hawakujua kama mimi ni fundi au ni msichana anayemlindia mtu cherehani. Kijana anayekaanga rolex pembeni yangu, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, alinicheka akasema, "Dada, hata mimi nikinyamaza, harufu inaniitia watu. Nguo haina harufu."

Alisema kweli. Kitu kizuri kisichojulikana hakijiuzi. Nikatundika nguo tatu nilizozimaliza kwenye kamba, nikaandika bei kwenye kadi ya manila, nikawa naweka picha za kazi zangu WhatsApp, na nikaanza kuwasalimu wapita njia. Mtu akileta suruali mbili, namshonea kifungo kilicholegea bila malipo. Wachuuzi wa Kampala huita jambo hili "enyongeza", na msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo. Kwa maoni yangu, hakuna kosa katika haya yote. Anayetangaza bei na kazi aliyoifanya kweli anatoa habari, na mwenye kusikia anaweza kuipokea au kuiacha. Hata nyongeza, ingawa mtu anaweza kuiita chambo, haina siri ndani yake. Mteja anajua kwa nini anapewa, na mara nyingi ndiye anayeidai.

Tatizo langu lilianza kwingine. Fundi mmoja mwenye uzoefu, ambaye wateja wake walikuwa mara tatu ya wangu, alinipa ushauri kwa nia njema. Aliniambia, "Mteja usimwambie hapana. Mwambie Ijumaa. Chukua nusu ya pesa, kisha ukate kitambaa mbele yake. Kitambaa kikishakatwa, atakwenda wapi?"

Waliowahi kushonesha nguo wanaelewa uzito wa maneno hayo. Kitambaa kizima kinaweza kupelekwa kwa fundi yeyote. Kikishakatwa kwa vipimo na mikono ya fundi mmoja, ni mafundi wachache wanaokubali kukimalizia. Mteja anabaki kuja na kurudi, kuja na kurudi, huku akiambiwa "kesho".

Niliufuata ushauri huo. Mwezi wa Desemba, mwaka wangu wa pili, mama mmoja aliniletea kitambaa cha gomesi. Binti wa dada yake alikuwa na kwanjula Jumamosi, sherehe ambayo msichana humtambulisha mchumba wake kwa wazazi, na wanawake wa ukoo huvaa magomesi. Aliniuliza, "Utaweza kweli?" Nilikuwa na nguo nyingine tano za watu. Nilipiga hesabu kichwani na nikajua kuwa siwezi. Nikamjibu, "Ijumaa, mama, saa kumi jioni." Nikapokea shilingi 40,000, nikakata.

Ijumaa alikuta mikono haijaunganishwa. Jumamosi alikuja kabla ya jua kuchomoza akanikuta bado nashona. Alikaa kwenye kigoda akinitazama bila kusema neno. Saa mbili asubuhi aliondoka bila nguo, kwa sababu gari la kwenda Masaka lilikuwa linawangoja. Baadaye nilisikia kwamba alivaa gomesi la kuazima, lililombana mabegani. Jumatatu alikuja kuchukua lake. Nilijiandaa kutukanwa. Alinilipa salio lote bila kupunguza hata shilingi moja, akasema, "Umeshona vizuri, mwanangu." Hakurudi tena.

Kwa hesabu ya daftari langu, wiki ile niliongeza mteja mmoja. Lakini kila nikikumbuka kigoda kile naona kwamba nilichukua kitu ambacho hakikuandikwa katika risiti yoyote. Pesa zake alipewa nguo badala yake. Jumamosi yake haikurudi.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anamzungumzia mtu mwenye shida anayekopa pesa huku akiahidi kulipa, ilhali anajua hataweza. Kant anasema kwamba kama kila mwenye shida angefanya hivyo, ahadi zenyewe zingekosa maana, kwani hakuna ambaye angeziamini. Nilipoisoma hoja hii niliona kwamba sisi mafundi tumekwisha kuithibitisha. Katika mji wetu, fundi akisema "Ijumaa", mteja mwenye akili husikia "Jumatatu", na mwenye sherehe Jumamosi hudanganya kuwa sherehe ni Jumatano. Fundi naye, akijua hivyo, huongeza siku mbili kimoyomoyo. Wote wawili wanasema uongo ili kukutana kwenye ukweli. Anayeumia zaidi ni yule mgeni anayeamini neno kama lilivyosemwa.

Hapa mtu anaweza kupinga kwamba soko lenyewe litamwadhibu mwongo, kwa hiyo hakuna haja ya kuhubiri. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alieleza kuwa hatupati chakula chetu kwa sababu ya huruma ya mwuza nyama au mwoka mikate, bali kwa sababu wao wanatafuta faida yao. Kwa mantiki hiyo, fundi atasema kweli kwa sababu kusema kweli kunalipa. Naikubali hoja hii kwa sehemu. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua fundi na bibi yake, uongo hulipwa upesi. Lakini Kikoni si kijiji. Kila mwaka wanafunzi wapya huingia chuoni na wengine huhitimu wakaondoka na habari zao. Fundi anayempoteza mteja wa mwaka wa tatu hupata wawili wa mwaka wa kwanza. Jirani yangu hajaadhibiwa na soko hadi leo. Kwa hiyo, anayesubiri soko limfundishe uaminifu anaweza kuzeeka bila kufundishwa.

Pingamizi la pili lilitoka nyumbani, nalo ni zito kuliko la Smith. Mama yangu ni fundi huko Kalerwe, na alitulea watoto watatu kwa cherehani moja. Nilimsimulia habari za gomesi lile, nikamwambia kwamba tangu sasa sitamwahidi mtu siku nisiyoiweza. Nilidhani atanisifu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ada yako ya sekondari ililipwa na Ijumaa nyingi."

Nilimwuliza, "Mama, ulikuwa unawadanganya watu?"

"Nilikuwa nakesha," alijibu. "Nikisema Ijumaa, nalala saa tisa usiku ili iwe Ijumaa. Nyingine zilinishinda."

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu kamili. Siwezi kukaa katika darasa lililolipiwa na Ijumaa zile kisha nikamhukumu aliyezisema. Hata hivyo, jibu lake lilinionyesha tofauti ambayo Kant hakunionyesha. Ahadi inayozidi uwezo ni mzigo, na lazima mtu aubebe. Mama aliubeba kwa usingizi wake mwenyewe. Mimi niliulaza usiku ule wa Alhamisi, nikaja kumtwika mtu mwingine Jumamosi. Na zile Ijumaa zilizomshinda mama, nazo zilibebwa na wateja ambao hawakuulizwa, na ambao labda nao walikuwa na watoto wa kusomesha. Umaskini unaeleza kwa nini tunamtwika mwingine mzigo wetu. Hauombi ruhusa yake.

Kwa hiyo, kipimo ninachopendekeza ni hiki. Fundi, mchuuzi au kinyozi anapofanya jambo la kuongeza wateja, ajiulize: mteja akijua ninachofanya na sababu yake, bado angekuja? Nguo zilizotundikwa kambani zinapita kipimo hiki. Nyongeza inapita. Salamu zinapita, hata kama nasalimia nikiwa na njaa, kwa kuwa kila mtu anajua mfanyabiashara anatafuta riziki. Picha ya gomesi niliyoitoa intaneti na kuitangaza kama kazi yangu, jambo nililotamani kulifanya zaidi ya mara moja, haipiti. Na kitambaa kinachokatwa upesi ili mwenyewe asiweze kuondoka hakipiti kabisa. Huko ndiko kumfunga mtu kamba.

Tangu Januari daftari langu la kazi linaning'inia ukutani, wazi. Anayekuja anaona nguo ngapi ziko mbele yake na kila moja imeahidiwa siku gani. Simkatii mtu kitambaa mpaka siku ninayoanza kukishona. Nikiri kwamba hesabu haijawa nzuri. Muhula uliopita nililipa ada kwa kuchelewa, na jirani yangu bado ana wateja wengi kuliko mimi. Wapo waliorudi kwa sababu ya daftari, na wameleta wenzao, lakini siwezi kudai kwamba ukweli umenitajirisha.

Wenzangu darasani wameniuliza kama daftari hili nalo si tangazo tu. Ni swali la haki, na Kant mwenyewe analo. Anamtaja mwenye duka anayewauzia wote kwa bei moja, hata mtoto mdogo, na anauliza kama anafanya hivyo kwa kuwa ni wajibu au kwa kuwa kunamletea sifa. Mimi siwezi kuupima moyo wangu kwa futi ninayopimia viuno. Ninachoweza kukitazama ni siku ambayo ukweli unanifukuzia mteja. Siku ambayo ukweli unamleta mteja haiwezi kunifundisha lolote kuhusu nafsi yangu.

Siku kama hiyo ilifika wiki iliyopita. Msichana wa mwaka wa kwanza alikuja na kitambaa cha maua mekundu, akataka gauni kabla ya Jumapili. Alisoma daftari, akahesabu kwa kidole, akaniuliza, "Dada, haiwezekani hata kidogo?" Pesa nilizihitaji. Nilimwambia haiwezekani. Alikunja kitambaa chake, akanishukuru, akavuka barabara kwenda kwa jirani yangu. Nilitamani kumwita arudi. Nikaendelea kushona, na nilipoinua macho niliona jirani ameshika mkasi.