Gari Lile Lile? Kadi, Injini na Dhamiri ya Mmiliki

Karibu kila nchi ina sheria inayomtaka mmiliki wa gari aitaarifu mamlaka ya usajili pale anapolibadilisha hata likaacha kulingana na maelezo ya kadi yake. Tanzania Bara kadi hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Kenya kazi hiyo ni ya NTSA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kadi hutaja namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, aina ya bodi, aina ya mafuta na mengineyo ya kulitambulisha gari. Aliyebadili tairi, betri au kioo hana wa kumwarifu. Lakini aliyepiga gari jeupe rangi nyeusi, aliyeshusha injini ya petroli akapandisha ya dizeli, au aliyechonga bodi ya basi juu ya chasisi ya lori, kadi yake imeshasema uongo na itaendelea kuusema mpaka aende kuisahihisha.

Kwa juu juu hili ni suala la fomu na ada. Ndani yake kuna maswali mawili ya kale. La kwanza: kitu kikibadilishwa sehemu moja baada ya nyingine, kinabaki kilekile mpaka wapi? La pili ni la maadili: anayeyajua mabadiliko hayo anadaiwa kuyasema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza? Vitabuni maswali haya hukaa sura mbalimbali. Kwenye usajili wa magari hayatengani, kwa kuwa jibu la lile la kwanza limeegemea mno uaminifu unaodaiwa na lile la pili.

Swali la kwanza linajulikana zaidi kwa mfano wa merikebu. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi karne ya 1 na ya 2, anasimulia kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya shujaa Theseus, yenye makasia thelathini, kwa kung'oa kila ubao uliooza na kupachika mpya, mpaka wanafalsafa wakaigeuza uwanja wa mabishano: hawa wakisema ni ileile, wale wakikataa. Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, alilikaza fundo. Itakuwaje ikiwa mtu alikuwa akiziokota zile mbao kuukuu, kisha akaziunga upya kwa mpangilio wake wa awali? Zitakuwapo merikebu mbili zinazogombea jina moja. Kwa Hobbes huo ulikuwa mchezo wa akili tu. Kwenye gereji na maduka ya spea za mtumba ni riziki ya kila siku: injini pamoja na giaboksi yake hutoka kwenye gari lililogongwa nyuma, milango hutoka kwa jingine, taa kwa la tatu, na mwisho wa juma kuna gari moja linalotembea na mifupa ya magari matatu uani.

Jibu la sheria kwa kawaida ni chasisi. Mkaguzi akifunuliwa boneti haanzi na rangi. Huinama, akafuta vumbi na grisi kwa kitambaa kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha dereva, au akachungulia ubavuni mwa mhimili wa chasisi, mpaka zionekane tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Pengine huzibandika karatasi nyepesi na kusugua penseli juu yake ili namba ihamie kwenye karatasi jinsi ilivyo, pamoja na mikwaruzo yake. Marekani tangu mwaka 1981 imezitaka namba hizo ziwe na alama 17, bila herufi I, O wala Q, zisije zikasomwa kama 1 au 0. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo yaliyojaa barabara za Afrika Mashariki, hubeba namba fupi zaidi. Iwe fupi au ndefu, mkaguzi anatafuta jambo moja: je, kipande cha bati kilichobeba namba kimekatwa mahali pengine na kuja kuungwa hapa?

Hapo sheria imemfuata Aristotle pasipo kumtaja. Yeye alitofautisha kiini cha kitu na sifa zinazokuja na kuondoka. Rangi ni sifa, chasisi inachukuliwa kuwa kiini. Tatizo ni kwamba magari mengi madogo ya leo hayana chasisi inayojitenga. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Tena chasisi ikibaki, mengine yote yanaweza kuhama. Lori lililogeuzwa basi lina namba ileile iliyotoka nayo kiwandani, lakini abiria sitini waliomo si mzigo ule uliokusudiwa na aliyepiga hesabu ya breki na ekseli zake. John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye toleo la pili la Insha yake juu ya akili ya mwanadamu mwaka 1694, alisema donge la maada hubaki lilelile kwa chembe zake, ilhali mti na mnyama hubaki walewale kwa uhai unaoendelea ingawa chembe zinapita. Saa ya mfukoni aliifananisha na mnyama, kwa sababu ni mpangilio wa sehemu kwa ajili ya kazi fulani. Kwa kipimo hicho, kazi ikibadilika kitu kimeguswa moyoni, hata kama chuma chote ni kilekile. Ndiyo maana idadi ya viti, jambo linaloonekana dogo, ina uzito kuliko rangi ya gari zima.

Jibu lililo karibu zaidi na kadi ya gari, hata hivyo, halikutoka Ulaya. Katika maandiko ya Kibudha yaitwayo Milinda Panha, mtawa Nagasena anazungumza na mfalme Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi karne ya 2 kabla ya Kristo. Mfalme amekuja kwa gari la kukokotwa na farasi. Mtawa anamuuliza: gari ni ekseli? Ni magurudumu? Ni nira? Ni hivyo vyote vikirundikwa pamoja? Mfalme anakataa kila mara, na mwisho anakiri kwamba gari ni jina linalotumika pale sehemu hizo zinapokutana. Nagasena anamjibu kwamba hata yeye Nagasena ni hivyohivyo. Shabaha ya mtawa ilikuwa nafsi ya mwanadamu, lakini alichosema kuhusu gari kinasimama chenyewe: ugari ni makubaliano. Wala makubaliano hayo si matakwa ya mtu mmoja. Wapo waliokubaliana, na kila mmoja wao ameegemeza kitu hapo: mnunuzi fedha zake, kampuni ya bima ahadi yake, polisi msako wake wa magari ya wizi, abiria maisha yake. Anayekibadilisha kitu kimyakimya amevunja makubaliano upande mmoja na kuwaacha wengine wakiendelea kuyatekeleza.

Suala hili lilipata kufika Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 1990. Gari lenyewe lilikuwa Bentley maarufu kwa jina la Old Number One, mshindi wa mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na 1930, mara zote mbili Woolf Barnato akiwa mmoja wa madereva wake. Baada ya hapo liliendelea kushindanishwa na kuundwa upya, chasisi na injini zikabadilishwa, na mwaka 1932 lilipata ajali huko Brooklands iliyomuua dereva Clive Dunfee. Miaka mingi baadaye mmiliki alikubaliana kuliuza kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akarudi nyuma, akidai kwamba kilichobaki cha lile gari la ushindi ni kidogo mno. Jaji Otton aliamua kwa faida ya muuzaji. Gari hili, kwa maoni yake, halikuwahi kutoweka likafufuliwa kwa vipande. Lilibadilika hatua kwa hatua, historia yake haikukatika, na hakuna gari jingine duniani linaloweza kudai jina hilo.

Uamuzi huo una busara kuliko nadharia nyingi. Kilicholibeba jina la Old Number One ni mnyororo wa mabadiliko yanayoweza kusimuliwa na kuthibitishwa. Kama hatua moja tu ingefichwa, jaji asingekuwa na cha kushika. Kwa hiyo taarifa ya mabadiliko si maelezo yanayotolewa juu ya gari ambalo utambulisho wake umeshakamilika. Ni sehemu ya kinacholifanya liendelee kuwa gari lile.

Uingereza hiyohiyo, kupitia mamlaka yake ya usajili wa magari, DVLA, iliwahi kuigeuza falsafa hii kuwa hesabu. Kwa miaka mingi gari lililobadilishwa sana lilihitaji pointi 8 ili libaki na namba yake: chasisi pointi 5, mfumo wa springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Lililoshindwa lingeweza kuishia kupewa namba inayoanza na Q, alama ya kwamba asili yake ina mashaka. Taratibu hizo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025. Ni rahisi kuzicheka, lakini Plutarch mwenyewe hakutoa jibu lililo wazi kiasi hicho.

Swali la pili, la deni la kusema, limeshughulikiwa zaidi na wanadini. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji hawajibiki kutaja kasoro inayoonekana wazi, na mfano wake ni farasi mwenye jicho moja. Kasoro iliyofichika inayomletea mnunuzi hasara au hatari lazima isemwe. Kipimo hiki kinayapanga mabadiliko ya gari vizuri sana. Rangi mpya ni jicho la farasi. Kila mtu anaiona. Mhimili uliokatwa na kuungwa kisha ukafunikwa kwa rangi nyeusi ya lami hauonekani hata na fundi asiyelala chini ya gari.

Uislamu umeliweka jambo hili karibu zaidi na maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Baqara, inahusu kuandika madeni, mwandishi mwadilifu na mashahidi wasiokataa wakiitwa. Hadithi iliyopokewa na mkusanyaji wa hadithi Muslim inaeleza jinsi Mtume alivyotia mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu watu waione. Huko ndiko fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, inakopata nguvu ya khiari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua kasoro aliyofichwa. Kuhusu barabara hasa, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliamua kwamba kufuata kanuni za usafiri zisizopingana na sharia ni wajibu, kwa msingi wa masilahi ya umma.

Upo utetezi wa upande wa pili, na si wa kupuuzwa. Wanateolojia Wakatoliki tangu karne ya 16 walijadili sheria zilizoitwa za adhabu tupu: zile ambazo mtu akizivunja hatendi dhambi, ila akikamatwa alipe. Mwenye daladala anayepanga foleni siku nzima na kulipa ada ili kadi iandikwe bluu badala ya nyeupe anaweza kuiona sheria hiyo kuwa ya namna hiyo, na kwa rangi pekee hoja yake ina nguvu. Haivuki hapo. Injini, chasisi, mafuta na idadi ya viti vinagusa haki za watu ambao hawakuwapo gereji siku ya kazi. Fiqhi hutenga haki ya Mungu na haki ya waja, na toba ya haki ya waja haitimii mpaka mwenye haki arudishiwe au asamehe. Bima nayo, kwa kanuni ya uaminifu wa hali ya juu aliyoieleza jaji Mwingereza Lord Mansfield katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm mwaka 1766, humtaka mwenye kinga aseme analolijua yeye na asilolijua mwenzake.

Mmiliki aliyechelewa kuandikisha rangi analipa faini na shauri limekwisha. Aliyeuza gari lenye chasisi ya kuungwa bila kusema, hata akilipa faini zote za mamlaka, bado anadaiwa na aliyelinunua.