Weupe Ni Kitu Gani?



Nilipokuwa shule ya msingi huko Muleba, darasani kwetu kulikuwa na msichana mwenye ualbino. Tulimwita "mzungu", na mimi nilicheka kuliko wote. Mzungu wa kweli akipita na gari tulimkimbilia tukimpungia mikono. Huyu wetu tulikataa kukaa naye dawati moja. Ngozi nyeupe zote mbili, jamani! Moja tunaishangilia, nyingine tunaikimbia.

Hivi weupe ni kitu gani hasa?

Wamisionari waliofika Kashozi mwaka 1892 ni wa shirika la Mapadre Weupe. Wengi tunadhani waliitwa hivyo kwa sababu ya ngozi. Kumbe ni kanzu! Kardinali Lavigerie alipoanzisha shirika hilo Algiers mwaka 1868, aliwavika kanzu nyeupe kama wenyeji wa kule. Ukoloni ndio uliogeuza weupe wa ngozi kuwa cheo. Lakini mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Papa Yohane XXIII alimteua Askofu wa Rutabo, Mhaya wetu Laurean Rugambwa, kuwa kardinali Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi.

Na mwaka 2024, hapahapa Muleba, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao, akauawa. Wengine wananunua mkorogo dukani ili wawe weupe. Yeye aliuawa kwa kuzaliwa nao.

Ngozi haijabadilika. Maana ndiyo inayobadilika, na maana hiyo tunaiweka sisi watu. Kwa hiyo siwezi kusingizia utoto wala desturi. Mimi pia niliiweka.

Likizo iliyopita nilikutana na yule dada stendi ya Bukoba. Nikamwomba msamaha kwa kumwita mzungu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Jina nilizoea. Kilichoniuma ni lile dawati."

Nilikosa la kujibu. Siku ya ubatizo wetu, yeye na mimi tulivikwa vazi jeupe lilelile, ishara kwamba tumemvaa Kristo. Huo ndio weupe pekee niliopewa na Kanisa, na nilimnyima mwenzangu nafasi ya kukaa kando yangu.

Kijana mwenzangu, Jumapili hii kanisani, angalia benchi lako. Nani anakaa peke yake? Sogea.

Tafakari njema.