SHUFAA NJEMA: KUMSEMEA NDUGU YAKO APATE KAZI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, ninawausia nanyi na ninaiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Leo tunazungumza juu ya jambo linalogusa kila nyumba hapa Kolwezi: kazi, na yule anayetusemea ili tuipate.

Mji wetu unaishi kwa shaba na kobalti. Zamani baba alikuwa Gécamines, watoto wakasoma shule ya Gécamines, mgonjwa akatibiwa hospitali ya Gécamines. Mlango huo ukawa mwembamba. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Leo migodi iko mikononi mwa makampuni mengi, na chini ya kila kampuni kuna makampuni madogo yanayopewa sehemu ya kazi. Nafasi ikifunguka, mara nyingi wa kwanza kujua ni yule aliye ndani. Kwa hiyo neno lake lina uzito, na ataulizwa juu yake siku ya Kiyama.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba mwenye kumwombea mtu jambo jema atapata fungu lake katika jema hilo, na mwenye kuombea jambo baya atabeba sehemu yake ya ubaya huo. Tazameni: aya ni moja, mafungu ni mawili. Tuanze na lililo jema.

Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipojiwa na mwenye haja aliwageukia waliokaa naye, akawahimiza wamsemee ili wapate ujira, na Mwenyezi Mungu atapitisha alitakalo. Fahamuni vizuri: ujira wako uko katika kusema. Kazi ikipatikana au isipopatikana, hiyo ni hukumu ya Mola. Basi asiseme mtu, "Mimi ni dereva tu, nani atanisikiliza?" Wewe sema. Hukuambiwa uamue.

Kumbukeni Nabii Yusuf (a.s.). Alimwomba mwenzake wa gerezani, aliyekuwa anatoka, amtaje mbele ya bwana wake. Yule akasahaulishwa na shetani, na Yusuf akabaki gerezani miaka. Ni neno moja tu lililosahauliwa! Nasi tuliopata pasi ya kuingia mgodini, ni nani tuliyemsahau huko nje? Kuna kijana mwenye diploma ya umeme anayeshuka shimoni na nyundo na gunia kwa sababu hana wa kumtaja. Tunajua mashimo hayo yanavyokula watu. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliporomoka katika eneo la KCC, wachimbaji makumi wakafa. Hatusemi kwamba kila mmoja angepata kandarasi. Tunasema usifunge mdomo wako mahali ambapo neno lako lingemfaa mtu.

Lakini tunasema namna gani? Mfano ni binti wa mzee wa Madyan. Alimwambia baba yake amwajiri Musa (a.s.), na sababu alizotaja ni mbili, nguvu na uaminifu. Naye hakusema kwa kusikia. Alimwona Musa akiwanyweshea mifugo yao. Na imepokewa kwamba Umar (r.a.) alimuuliza mtu aliyemsifu mwenzake: Je, ni jirani yako? Umesafiri naye? Mmeshughulika kwa fedha? Alipojibu hapana, Umar akamwambia kwamba basi humjui.

Kumsemea mtu ni kutoa ushahidi. Ukimwambia kapita kwamba fulani anajua kuendesha mtambo, naye hajui, roho ya mtu ikipotea utajibu nini? Sema unachokijua, na simama pale ujuzi wako unapoishia. Ukimjua kwa uaminifu tu, sema ni mwaminifu, kazi wampime wenyewe.

Sasa lile fungu la pili, ndugu zangu.

Kwanza, kuuza neno. Mtu anamwingiza mwenzake kazini, kisha anadai matabishi: mshahara wa kwanza, au nusu yake. Abu Umama (r.a.) amepokea, katika Sunan za Abu Daud, kwamba aliyemwombea ndugu yake, akapewa zawadi kwa ajili hiyo naye akaipokea, ameingia mlango mkubwa katika milango ya riba. Hiyo ni zawadi, je, ile inayodaiwa kwa nguvu?

Pili, kumsemea mtu kwa kabila lake. Sisi wa Kolwezi tusihitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makazini na majumbani hapa Katanga, wakajazana kwenye stesheni na watoto wao wakingoja treni. Kumpenda wa kwenu si dhambi. Dhambi ni kumpitisha asiyefaa na kumzuia mwenye haki kwa sababu ya mahali babu yake alipozaliwa.

Nawe uliyesemewa, jua kwamba umebeba jina la mwenzako. Ukichelewa, ukiiba mafuta ya gari, umemfungia mlango yule atakayekuja nyuma yako. Fanya kazi vizuri. Hiyo ndiyo shukrani yake.

Basi kila aliye kazini, kabla ya Ijumaa ijayo, amfikirie mtu mmoja ambaye kazi yake anaijua kwa macho yake. Amtaje kwa ukweli, bila malipo, kisha amwachie Mola.

Ee Mwenyezi Mungu, tupe riziki ya halali, walinde walio chini ya ardhi, na zifanye ndimi zetu kuwa ufunguo wa heri. Ninasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Amin.