Sauti ikikwaruza, haki haipotei

Mvuvi wa Mbamba Bay akiondolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kwa sababu ya saratani, hupumua kupitia tundu la shingoni. Kupiga mbizi Ziwa Nyasa ni hatari kwake. Maji yataingia moja kwa moja mapafuni. Lakini kusema anaweza, kwa kujifunza kutumia umio au kwa kuwekewa kifaa kilichotangazwa na Singer na Blom mwaka 1980.

Je, akimwozesha bintiye, tumpokonye uwalii eti sauti inakwaruza? Hasha! Mafakihi wamekubali katika nikaha hata ishara ya bubu inayoeleweka.

Nabii Musa (a.s.), mwenye uzito wa ulimi, aliombewa na nani? Aliomba mwenyewe, akapewa Harun. Harun alimsaidia, hakumnyang'anya kauli. Nasi tumsubiri ndugu yetu amalize maneno yake.