Haki ya Jiwe na Haki ya Mkono

Mtu azuruye nyumba ya ibada isiyo ya dini yake, au iliyo ya dini yake lakini si ya zama zake, hukabiliwa na suala ambalo mwenye kusali humo hana haja ya kujiuliza: je, akitazamacho ni jiwe, au ni imani iliyolisimamisha, au ni mikono iliyolibeba? Sisi wa Pongwe, Tanga, hatuna udhuru wa kulipuuza suala hili, maana ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, nasi twajua kwamba jiwe halitoki shimoni kwa dua peke yake.

Makanisa ya kale ya Uingereza huzuriwa na halaiki ambayo wengi wao hawakuja kusali. Katika Westminster Abbey, London, limo sakafuni jiwe la mmisionari David Livingstone, aliyezikwa hapo tarehe 18 Aprili 1874. Nalo lasema kwamba aliletwa na mikono ya uaminifu kupitia bara na bahari, wala halitaji jina hata moja la wenye mikono hiyo. Hao ni Susi na Chuma na wenzao, watumishi wake Waafrika, ambao waliuzika moyo wake Chitambo alikofia, wakaukausha mwili, wakauchukua mwendo wa miezi mingi hadi Bagamoyo. Na siku ya maziko, Jacob Wainwright, mmoja wa wenzao hao, alikuwapo, hali Susi na Chuma walifika Uingereza kaburi limekwisha kufunikwa. Sisemi kwamba jiwe limesema uongo; nasema limenena nusu, na nusu ya pili ni amana ya mgeni atokaye pwani ambako mwili ule ulipakiwa chomboni.

Huko Mkunazini, Unguja, Askofu Edward Steere alianza kujenga kanisa mwaka 1873, palepale penye soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Wako wadhanio kuwa ibada imepatakasa mahali pale. Lakini dhuluma husamehewa na aliyedhulumiwa, na waliouzwa pale hawakuulizwa. Lililo katika uwezo wa jengo ni kuizuia ardhi isisahaulike. Husimuliwa kwamba baadhi ya nguzo zake zilisimamishwa kichwa chini na mafundi askofu alipokuwa safarini. Na hapa pana ajabu ya kutafakariwa, kwamba zile nguzo nyingine zote zilizosimama sawasawa hazimkumbushi mtu fundi yeyote, ila hizo zilizokosewa.

Basi hata karibu nasi, Magila, ambako misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza katika miaka ya 1860, jina la Askofu Frank Weston, aliyefariki mwaka 1924, li mashuhuri. Majina ya wachonga mawe wa huko, kama yamesalia, yamo vinywani mwa jamaa zao.

Atakayesema kwamba kuuliza hivi ni kuivunjia heshima nyumba ya Mungu, namjibu kwamba adabu ya mahali patakatifu ni kushusha sauti, wala si kufumba macho. Mwenye kusali humshukuru Muumba. Mwenye kuzuru ana deni kwa viumbe, na deni hilo hulilipa kwa kuuliza ni nani aliyebeba, kabla hajauliza jengo lina umri gani.