"Sorry": Pole au Nisamehe?

Wapendwa vijana, juzi nilimsengenya mwenzangu hapa seminarini, akasikia. Nikamwambia, "Sorry, bro." Akajibu, "Poa." Usiku usingizi sikupata.

"Sorry" ya Waingereza ni ndugu wa "sore", yaani chenye kuuma kama kidonda. Mtu akijikwaa tunamwambia sorry: pole. Tukimkanyaga, sorry hiyo hiyo: samahani. Lakini pole haina kosa ndani yake. "Nisamehe" inakiri, tena inamwachia mwenzako uhuru wa kukataa. Mimi niliogopa uhuru huo, nikajificha kwenye sorry.

Asubuhi nikamfuata: "Nilikusengenya. Nisamehe." Akanyamaza kidogo, kisha akanipa mkono.

Na wewe, nani bado anakudai neno hilo?